Shaba kwenye shingo: historia yenye haikuanza na Union Minière



Ukiuliza mutoto wa Lubumbashi shaba yetu ilianza wapi, atakujibu: Union Minière. Na sisi wenye diplome mara mingi tunajibu vile vile: 1906 kampuni inazaliwa, 1911 tanuru ya Lubumbashi inamwanga shaba ya kwanza. Hizo tarehe ni za kweli. Lakini ni tarehe za kampuni, si za shaba. Leo naomba tupitie historia hii kwa njia ya kitu kidogo sana: mukufu wa waya ya shaba yenye kupondwa na nyundo, pamoja na shanga za kioo.

Tuanzie Sanga, pembeni ya ziwa Kisale, mu bonde la Upemba. Mwaka 1957 Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walianza kuchimbua pale makaburi ya wazee wa zamani. Miaka ya 1970 Pierre de Maret akaendelea na ile kazi. Makaburi yalipita mia moja. Ndani walikuta vyungu vizuri sana, vyombo vya chuma, na shaba: mikufu, bangili, minyororo myembamba. Yale ya wakati wenye wataalamu wanaita Kisalien classique ni ya karibu mwaka 1000 mpaka 1300. Na tusisahau: pale Kisale hakuna mugodi wa shaba. Ilitoka kusini, kilometa zaidi ya 200, kwa miguu na kwa mutumbwi.

Kitu chenye kunigusa ni hiki: shaba ya wakati ule ilikuwa zaidi ya urembo. Hata watoto walizikwa nayo. Ni nyuma, kuanzia miaka ya 1300, njo misalaba ya shaba inaonekana kwa wingi mu makaburi. Kwanza mikubwa, juu ya kifua cha marehemu. Kisha midogo midogo, ya kipimo karibu kimoja, pembeni ya mikono: ile sasa ni pesa. Ule musalaba tunaujua wote, 1960 waliuweka hata kwenye bendera ya Katanga. Kumbe mbele ya kuwa pesa, mbele ya kuwa bendera, shaba ilikuwa kitu cha kuvaa.

Sasa, kazi yenyewe. Kwa mufundi mumoja wa mutaa wetu nilikamata nyundo, nikaponda waya juu ya kipande cha reli. Shaba iko na tabia yake: ukiipiga sana inakaza, na ukiendelea inapasuka. Dawa yake ni moto. Unaiweka mu makala mpaka inakuwa nyekundu, unaizamisha mu maji, inalegea tena, unarudilia kupiga. Chuma ukiifanya vile inazidi kukaza. Shaba inafanya kinyume. Mutu hawezi kukisia hiyo, lazima mwingine amufundishe. Kwa hiyo nikiangalia picha za minyororo ya Sanga, sioni "urembo wa kienyeji" tu. Naona masomo: mukubwa akionyesha mudogo, miaka na miaka, bila karatasi.

Wayeke nao walijulikana kwa kuvuta waya. Unaponda kipande cha shaba mpaka kinakuwa kirefu, unachonga ncha yake, unaiingiza mu tundu la chuma, unavuta kwa nguvu. Kisha tundu dogo zaidi, kisha dogo tena, mpaka waya inakuwa nyembamba sawa uzi. Mwaka 1926 Monseigneur de Hemptinne aliandika juu ya wafundi wa shaba wa Katanga. Aliwaita "walaji wa shaba". Lakini wakati ule tayari kampuni ilikuwa imeshika migodi.

Tubakie na shanga. Shaba ni yetu. Kioo kilitoka mbali. Shanga za kioo ziliingia kupitia pwani ya Bahari ya Hindi, nyingi zilitengenezwa India, na mu karne ya 19 nyingi zilitoka Venise. Wafanyabiashara wa misafara walijua kama kila inchi iko na rangi yake: ukileta rangi yenye watu hawapendi, unarudi na muzigo wako. Shanga nyekundu, samesame, zilitafutwa sana.

Hapa lazima tuseme ukweli wote. Msiri, mwana wa Kalasa, mufanyabiashara wa shaba kutoka inchi ya Wasumbwa mu Tanzania ya leo, alijenga ufalme wake Bunkeya mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Njia zake zilienda Zanzibar na Benguela pia. Kwa njia hizo shanga, vitambaa na bunduki viliingia. Vyenye kutoka vilikuwa shaba, pembe za tembo, na watu. Mu ule mukufu wa kambo kuna uzuri, lakini kunaweza kuwa pia bei ya mutoto wa mutu. Tusiuvae sawa vile haukusema kitu.

Juu ya nini naandika haya leo? Juu inchi yetu iko kati ya zile zenye kutoa shaba mingi zaidi duniani, na shaba ile inapita mu barabara ya Kasumbalesa juu ya makamyo, vipande bapa vyenye kufanana, kwenda kugeuzwa waya kwa wengine. Sanga, karibu miaka elfu moja imepita, shaba ilifika bondeni na ikakutana na mikono yenye kujua cha kuifanya.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja. Kama nyumbani kuna mukufu ao bangili ya zamani, mbele ya kuuzisha kwa mupita njia, keti na mwenye kuipokea kwa wazee wake. Uliza ilitoka kwa nani, nani aliiponda, ilivaliwa siku gani. Andika na jina la kijiji. Mukufu bila jina utauzwa kwa kilo, sawa shaba ingine yote.