Mgando wa damu mapafuni na tofauti za kikabila katika matibabu mkoani Simiyu

Mgando wa damu mapafuni ni hali ya hatari inayotokea pale bonge la damu, ambalo mara nyingi limejiunda katika mshipa wa mguu, linaposafiri na kuziba mshipa unaopeleka damu mapafuni. Mgonjwa hukosa pumzi ghafla, huumwa kifua na pengine hukohoa damu. Wanaokabiliwa zaidi ni wajawazito na waliojifungua karibuni, waliopasuliwa, waliovunjika mguu na wenye saratani.

Nchini Marekani kiwango cha vifo vya ugonjwa huu kati ya watu weusi hukaribia mara mbili ya kile cha weupe. Nchini Tanzania ulinganisho kama huo ni mgumu, kwa sababu takwimu za afya hutolewa kwa umri, jinsia na mkoa, si kwa kabila. Hata sensa iliuliza kabila mara ya mwisho mwaka 1967. Desturi hiyo imelinda umoja wa taifa. Hata hivyo, inaficha pia nani anachelewa kutibiwa.

Mkoa wa Simiyu, ambao makao makuu yake ni Bariadi, ulimegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 2,140,497. Wengi ni Wasukuma, wakiwemo Wanyantuzu wa Bariadi. Katika wilaya ya Meatu wako pia Wataturu, ambao ni wafugaji, na Wahadzabe, ambao ni wawindaji na wakusanyaji. Lugha za makundi hayo mawili haziko karibu na Kisukuma wala Kiswahili, hivyo mgonjwa asiyejua Kiswahili hutegemea ndugu amtafsirie. Maumivu ya kifua "yanayochoma ukivuta pumzi" ni dalili muhimu, na hupotea kwa urahisi katika tafsiri.

Utambuzi

Kukohoa damu hudhaniwa kwanza kuwa kifua kikuu, na kukosa pumzi kuwa nimonia. Uhakika hupatikana kwa CT-Scan yenye dawa ya kuonyesha mishipa. Sehemu ya mkopo wa IMF wa mwaka 2021 ilitumika kununua mashine hizo kwa hospitali za rufaa za mikoa, lakini zahanati na vituo vya afya hutegemea macho, masikio na kipimo cha oksijeni cha kidoleni.

Kipimo hicho nacho kina kasoro. Utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni ulifichika kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe, kwa kuwa mwanga wa kifaa huathiriwa na rangi ya ngozi. Kwa hiyo namba nzuri kwenye kidole haitoshi kumrudisha nyumbani mgonjwa anayehema.

Matibabu

Heparini hutolewa kwa sindano, kisha vidonge vya warfarini kwa miezi mitatu au zaidi. Kwa wastani watu wenye asili ya Afrika huhitaji dozi kubwa kidogo ya warfarini kuliko Wazungu, na sababu moja ni ya kijenetiki. Damu hupimwa mara kwa mara: dozi ikipungua bonge hurudi, ikizidi mgonjwa huvuja damu. Mboga za majani, pamoja na nsansa ya Wasukuma, zina vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa; mgonjwa haachi kuzila, ila hula kiasi kilekile kila wiki. Kwa mfugaji anayehama na mifugo, ratiba hiyo ya vipimo ni ngumu kuliko kwa mkazi wa Bariadi mjini.

CHF iliyoboreshwa iligharimia matibabu hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Aliyepelekwa Bugando, Mwanza, alijilipia mwenyewe kama hakuwa na bima nyingine.