Kusafisha
Mpiga picha wa zamani hakuambii "nachapa". Atakwambia "nasafisha picha". Ajabu yake, kwenye picha nyeusi na nyeupe dawa haing'arishi kitu: chembe za madini ya fedha zilizopigwa mwanga hugeuka nyeusi. Neno limezoeleka, liachwe lilivyo. Ila lisimeze kazi ya kupima mwanga. Chini ya mashine ya kukuzia picha, kipande cha karatasi huangaziwa kwa ngazi za sekunde 2, 4, 8 na 16, kikasafishwa, kikakaushwa (kikiwa kibichi hudanganya, kikikauka huzidi weusi), ndipo kipimamwanga huwekwa sawa na ngazi iliyopendeza. Ukibadili aina ya karatasi, unaanza upya. Kazi hiyo naiita kulinganisha kipimo, neno "kukalibreti" silitaki.