Blauzi ya Kikwembe: Kitambaa, Mkato na Mamlaka katika Uwanda wa Ruzizi

Katika maandishi ya historia ya mavazi ya Afrika ya Mashariki na Kati, kitambaa kimepewa nafasi kubwa kuliko mshono. Kanga ya Unguja na Mombasa imeandikiwa vitabu. Merikani na kaniki zimefuatiliwa katika hesabu za misafara. Nguo za nta kutoka Uholanzi zimechunguzwa rangi kwa rangi. Blauzi imetajwa kwa kupita tu, kana kwamba ni kifuniko cha kifua kisicho na habari. Hata hivyo, katika vazi la wanawake wa Kivu, yaani kikwembe, blauzi ndiyo sehemu ya pekee inayokatwa. Nguo mbili za chini hufungwa na kukunjwa zikabaki nzima. Zikifunguliwa jioni, ni kitambaa kilekile kilichotoka dukani. Blauzi haiwezi kurudi kuwa kitambaa. Makala haya yanaifuata blauzi hiyo katika uwanda wa Ruzizi, hasa Sange, mji mdogo ulio kwenye barabara itokayo Bukavu kupitia Kamanyola hadi Uvira. Hoja yake ni kwamba uchaguzi wa mkato wa blauzi haukuwa jambo la urembo peke yake. Ulikuwa uamuzi juu ya mali, na kwa sababu hiyo wenye mamlaka, kila mmoja kwa zamu yake, walitaka sauti ndani yake.

Kipimo chenyewe kina historia. Stanley na Livingstone walipofika kwa mtumbwi kwenye mlango wa mto Ruzizi mwezi Novemba 1871, wakathibitisha kwamba mto huo unaingia katika ziwa Tanganyika wala hautoki humo, nguo ilikuwa fedha ya nchi. Ilihesabiwa kwa mikono: shuka moja mikono minne, takriban yadi 2, doti moja mikono minane, yadi 4. Leo kikwembe kimoja sokoni kina yadi 2, yaani kama mita 1.83, na vazi kamili la mwanamke hutaka vikwembe vitatu: viwili vya kufunga, na cha tatu cha kukatwa blauzi. Si lazima kudai kwamba yadi 2 za leo ni mtoto wa shuka ya msafara. Viwanda vya Ulaya vilikuwa na sababu zao za kukata nguo kwa urefu huo. Jambo la kuzingatia ni kwamba mwanamke wa Ruzizi wa karne ya kumi na tisa na mjukuu wa mjukuu wake walijikuta wakipima utajiri kwa kipande kinacholingana, na kwamba kwa huyu wa pili, theluthi moja ya utajiri huo hupita chini ya mkasi.

Kati ya vizazi hivyo viwili kuna pamba. Sheria ya mwaka 1917 iliipa serikali ya Kongo ya Kibelgiji uwezo wa kuwalazimisha wanavijiji kulima mazao yaliyochaguliwa na watawala kwa muda usiozidi siku 60 kwa mwaka. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1942, siku hizo ziliongezwa zikafika 120. Uwanda wa Ruzizi, wenye joto na udongo wa mto, ulikuwa miongoni mwa maeneo yaliyotiwa pamba. Mkulima hakuchagua zao, hakupanga bei, wala hakuchagua mnunuzi, kwa kuwa tangu mwaka 1921 kila kampuni ilipewa eneo lake la kununulia. Pamba iliyochumwa ilichambuliwa ikaondoka. Nguo ilirudi dukani kutoka Utexléo ya Léopoldville au kutoka kiwanda cha Filtisaf kilichojengwa Albertville, Kalemie ya leo, katika miaka iliyofuata vita. Mwanahistoria Osumaka Likaka, katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu pamba na jamii ya mashambani ya Kongo, ameonyesha jinsi mzigo wa kilimo hicho ulivyoingia ndani ya nyumba na kugawanywa kati ya mume, mke na watoto. Kwa mintarafu hiyo, mwanamke aliyesimama mbele ya meza ya duka akichagua kitambaa cha blauzi alikuwa akinunua kwa bei ya kiwanda kitu ambacho mikono kama yake ilikuwa imekitoa kwa bei ya amri. Ni haki kuukumbuka uzito huo kila inaposemwa kwamba wanawake wanapenda nguo mno.

Elimu ya kushona ilikuja kwa mlango mwingine. Masista wa misheni za Kikatoliki na wake za wamisionari wa Kiprotestanti walifundisha sindano kabla ya kufundisha mambo mengine mengi, na mshono wa kwanza waliousisitiza ulikuwa wa kufunika kifua. Ng'ambo ya mto, katika mji wa Usumbura, ulioitwa Bujumbura baadaye, serikali iliweka nyumba ya mafunzo ya wanawake iliyojulikana kwa Kifaransa kama foyer social. Nancy Rose Hunt aliichunguza nyumba hiyo kwa kipindi cha 1946 hadi 1960 katika makala aliyoyachapisha mwaka 1990. Wanawake wa mjini walifundishwa kushona, kutia viraka, kupika, kufua na kulea. Walimu wa Kizungu waliwatembelea nyumbani kuona kama masomo yanafuatwa. Lengo lilikuwa kumtengeneza mke wa mfanyakazi wa mjini, mwenye nyumba safi na matumizi ya kiasi. Blauzi ya mafunzo ya namna hii ilikuwa ya adabu: shingo ya juu, mkono unaofika kiwiko, kitambaa kisichopiga kelele.

Hata hivyo, ujuzi hauna utii. Aliyefundishwa kukata shingo ya duara anaweza kukata ya pembe nne; aliyefundishwa kushona gauni la mtoto mchanga amekwisha jua kuunga mkono na bega. Kilichotoka katika madarasa hayo na kusambaa kwa watoto, mashoga na majirani hakikuwa adabu ile, bali uwezo wa kugeuza kipande bapa kuwa umbo la mwili. Baada ya hapo mkato ulichaguliwa kwa kanuni nyingine kabisa, ambazo hazikuandikwa na misheni wala na serikali.

Kanuni ya kwanza ni kwamba mshonaji wa nyumbani haanzi na patroni. Huanza na kitambaa. Patroni, yaani karatasi ya kukatia, ilijulikana shuleni, lakini nyumbani na katika vibanda vya mafundi kazi hufanywa kwa njia mbili: ama kupima mwili kwa utepe na kuchora kwa chaki juu ya nguo yenyewe, ama kufumua blauzi kuukuu iliyokaa vizuri na kuilaza juu ya kitambaa kipya. Picha za mitindo zilizobandikwa ukutani ni za kuonyesha, si za kukatia. Mteja hunyoosha kidole kwenye picha. Fundi hutazama kitambaa kilicho mkononi mwa mteja, na mara nyingi jibu lake ni kwamba mtindo ule hautokei katika nguo hii.

Jibu hilo lina sababu za hesabu. Yadi 2 zenye upana wa kama mita 1.2 zinapaswa kutoa kifua, mgongo, mikono miwili na vipande vya kupindia shingo. Nguo ya nta iliyotiwa rangi barabara ina sura mbili zinazofanana: hakuna ndani wala nje. Kwa hiyo fundi akikosa nafasi ya mkono wa pili, hugeuza kipande kilichobaki, na mkono wa kulia ukawa wa kushoto. Nguo ya bei nafuu iliyochapwa upande mmoja tu haikubali ujanja huo. Kila kipande lazima kikae sura juu, na mabaki mengi hayafai. Ndiyo maana bei ya mita haisemi ukweli wote, na mwanamke mwenye uzoefu hugeuza kitambaa kabla ya kuuliza bei, kisha akasoma maandishi ya ukingoni kama mtu anayesoma hati. Kampuni ya Vlisco, iliyoanza Helmond mwaka 1846, imejengea heshima yake kubwa juu ya ukingo huo, na wachapaji wa mbali wameuiga bila haya.

Umbo la picha nalo huamuru. Nguo yenye ndege au duara kubwa hutaka mkato wa vipande vichache, ili picha iangukie katikati ya kifua na nyingine katikati ya mgongo, bila mshono kuipasua. Ikiwa ndege ana miguu na kichwa, basi vipande vyote hulazwa kuelekea upande mmoja, na nafasi hupotea. Nguo yenye chembe ndogo zilizotapakaa huruhusu mikono iliyojaa begani, kiuno chenye ukanda unaopanuka, na mikunjo ya kila aina, kwa sababu jicho halitambui palipokatwa. Mafundi wanaorundika mikunjo juu ya ndege mkubwa wa nta wanastahili kulaumiwa kidogo: wamelipwa kwa kazi ya mikono yao na wameharibu kazi ya mchoraji.

Halafu kuna hali ya hewa, ambayo vitabu vya mitindo huisahau. Bukavu iko kwenye kimo cha kama mita 1,500, na jioni zake zina baridi. Blauzi yenye bitana na mkono mrefu inavumilika huko, hata inapendeza. Barabara ishukapo Kamanyola kuingia uwandani, vazi hilohilo linakuwa adhabu. Mwanamke wa Sange anayeiga mtindo wa Bukavu hupunguza mkono, huondoa bitana, na huepuka vitambaa vya nyuzi za plastiki hata vikiwa na mng'ao. Kwa hiyo mtindo ulioteremka kutoka mjini ulifika umekwisha sahihishwa.

Serikali ya Mobutu iliingilia uchaguzi huu kwa nguvu zaidi kuliko mtangulizi wake yeyote. Baada ya nchi kuitwa Zaire mwezi Oktoba 1971, siasa ya uhalisi iliwavua wanaume suti na tai ikawavika abakosti. Wanawake walikatazwa suruali, sketi fupi na nywele za bandia, na kikwembe kikawa vazi la taifa. Kwa Kilingala blauzi yake iliitwa libaya, na jina hilo lilienea mashariki pamoja na muziki na askari. Kitendawili ni kwamba vazi lililotangazwa kuwa la asili lilishonwa kwa nguo ambayo michoro yake ilikuwa imetoka Java kupitia Uholanzi, na kwa mkato uliopita madarasa ya masista. Chama kilichapisha pia nguo zenye picha ya rais, na hapo kanuni ya ndege ikawa kanuni ya dola: uso ule ulitakiwa uonekane mzima. Kikwembe cha kufunga hakikuleta shida kubwa. Shida ilikuwa katika blauzi, ambamo mkasi lazima upite mahali fulani. Amri ya mavazi ililegezwa Aprili 1990, siku zilezile vyama vingi viliporuhusiwa. Wanawake hawakuacha kikwembe, jambo linaloonyesha kwamba hawakuwa wamekivaa kwa ajili ya amri.

Viwanda vilianguka upesi kuliko vazi. Uporaji uliofanywa na askari mwaka 1991 na tena 1993 ulivunja biashara nchini kote. Filtisaf ilinyamaza, na Utex ya Kinshasa ikafuata katika muongo wa 2000. Kiwanda cha Cotebu cha Bujumbura, kilichojengwa kwa msaada wa China mwishoni mwa miaka ya 1970, nacho kilisimama katika muongo huohuo. Nguo zilizojaza pengo zilitoka China, nyingi zikiwa za kuchapwa upande mmoja, na ile hesabu ya mkono wa pili ikawa ya kila siku.

Lakini jambo lililobadilisha uchaguzi wa mkato zaidi ya yote ni vita. Vilivyoanza eneo la Uvira na uwandani mwaka 1996 vilifuatwa na vya 1998, na vikundi vya silaha havikuondoka. Februari 2025 Bukavu yenyewe ilitekwa na M23. Sange, ambayo ulimwengu uliisikia zaidi Julai 2010 lori la mafuta lilipolipuka na kuua watu zaidi ya 230, imekuwa njia ya kupitia ya majeshi na ya wakimbizi. Katika maisha ya namna hiyo kikwembe kisichokatwa ni akiba. Ni chepesi kichwani, kinauzwa Bujumbura kama kinavyouzwa Uvira, humfunika mtoto usiku, na huweza kuingia katika mahari. Mara mkasi ukipita, akiba hiyo imefungwa katika kipimo cha mwili mmoja. Ndipo inapoeleweka kwa nini vitambaa vizuri hukaa sandukuni miaka mingi bila kushonwa, na kwa nini uamuzi wa kushona hungoja arusi, ubatizo, au sikukuu ya tarehe 8 Machi, ambapo kundi zima hukata nguo moja na kila mmoja huchagua shingo yake.

Cherehani pia imehesabiwa katika akiba hiyo. Kichwa cha mashine ya Singer au ya Butterfly huondolewa juu ya meza yake, kikafungwa nguo na kubebwa, meza huachwa. Ushonaji umekuwa mojawapo ya mafunzo wanayopewa wanawake waliojeruhiwa na vita, kama katika nyumba ya Dorcas ya Panzi huko Bukavu, na lawama imetolewa kwamba mafunzo hayo yanarudisha zama za foyer social. Lawama hiyo ina ukweli pale mwanafunzi anapopewa mashine bila soko. Haina ukweli pale inapodhani kwamba kujua kukata ni unyenyekevu.

Mkato wenyewe umeyajibu mazingira hayo. Katika blauzi nyingi za uwandani fundi huacha pindo pana ndani ya mishono ya ubavuni, upana wa vidole viwili au zaidi, na hapunguzi hata kitambaa kikimkosesha mkono mrefu. Mwenye nguo akinenepa, mshono hufunguliwa, akikonda, huingizwa, akifa au akiiacha kwa binti yake, hufumuliwa wote, na vipande vikalazwa juu ya kitambaa kingine kuwa patroni.