Karama, Bibi na Matuta ya Uluguru

Wahakiki wetu wakishika Kusadikika ya Shaaban Robert, mara nyingi safari yao huwa fupi: nchi ile inayoelea angani ni Tanganyika chini ya Mwingereza, waziri Majivuno ni tabaka tawala, Karama ni mwanamapinduzi, basi, kwisha. Sipingi. Hata mimi kwenye mtihani niliandika hivyo hivyo na alama nikapata. Lakini ndugu msomaji, nani amewahi kukesha na koroboi kwa sababu ya tabaka tawala?

Nilikisoma kitabu hiki nikiwa kidato cha tatu, likizoni nyumbani Mkuyuni. Kilichoninyima usingizi ni swali la kitoto kabisa: huyu kijana watamuua au hawamuui? Karama ameshitakiwa kwa kutaka kufundisha uanasheria. Hana upanga, hana jeshi. Ana mdomo tu, na akinyamaza amekufa. Kwa hiyo anasimulia, siku baada ya siku, habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo ya kuifaa nchi yao, wakatupwa gerezani. Kila mjumbe akifungwa, shingo ya Karama nayo inakuwa karibu zaidi na kamba. Hapo ndipo penye utamu wake kwa kijana, nionavyo mimi.

Mdogo wangu wa kike ni mpenzi wa The Hunger Games ya Suzanne Collins, iliyotoka mwaka 2008, ambamo vijana 24 wanatiwa uwanjani wauane mpaka abaki mmoja. Aliponiambia eti Kiswahili hakina riwaya za namna ile, nilimtajia Walenisi ya Katama Mkangi (1995), ambayo Dzombo wake naye anaanza na hukumu ya kifo, kisha nikampa Kusadikika. Alilalamika kwamba haina mishale. Kweli haina. Lakini uwanja upo, ndilo lile baraza la mfalme, na watazamaji wapo.

Turudi kwenye historia. Kusadikika ilichapishwa mwaka 1951, mwandishi akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni huko Tanga. Alikuwa anakula mshahara wa hao hao aliowafumba. Miaka hiyo hiyo huku kwetu Uluguru serikali ilikuwa imeleta mpango wake wa kuhifadhi ardhi. Watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko, na asiyechimba alitozwa faini. Mabwana shamba walisema udongo utaokoka. Kumbe sehemu nyingi jembe lilifukia udongo wa juu wenye rutuba na kufukua ule wa chini usioota kitu. Waliosema hivyo walionekana wakaidi. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, mbele kidogo ya kwetu kwa barabara hii ya Kisaki. Polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa. Baada ya hapo mpango ule ukaachwa.

Sidai kwamba Shaaban Robert aliwaza Waluguru. Matombo ilikuja miaka minne baada ya kitabu. Ninachosema ni kwamba msomaji naye huja na nchi yake mkononi, jambo ambalo uhakiki wetu wa fani na maudhui haulipi nafasi ya kutosha.

Likizo ile bibi yangu, aliyechimba matuta akiwa msichana, aliniuliza ninacheka nini na kulia nini na kitabu. Nikaanza kumsomea jioni, yeye akipukuchua mahindi. Mwanzoni alikuwa anaitikia tu. Tulipofika kwa wajumbe akaacha mahindi. "Huyu naye wamemfunga? Si amewaletea mazuri?" Nikamwambia ndiyo bibi, ndivyo kilivyoandikwa. Akasema, "Basi aliyeandika alikuwa anatujua." Kila jioni akawa ananiwahi yeye, mjukuu wangu leta yule mfungwa wako.

Tatizo likaja mwishoni. Mfalme anasikiliza, anaelewa, anamwachia Karama, na wajumbe wanatolewa kifungoni. Mimi nilishangilia. Bibi alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa maneno tu?" Nikasema kwa maneno tu. "Sisi tulisema sana kabla ya Matombo," akasema, "wazee walisema mpaka wakachoka." Sikuwa na jibu, na mpaka leo nikisikia mhadhiri anasifu nguvu ya hoja katika Kusadikika namkumbuka bibi na gunzi lake mkononi. Nadhani msamaha ule wa mfalme ndio sehemu dhaifu kuliko zote katika riwaya. Nadhani pia kwamba bila huo kijana wa kidato cha tatu asingekirudia kitabu mara ya pili. Mambo haya mawili sijaweza kuyapatanisha.

Kabla shule hazijafunguliwa bibi aliomba nimsomee tena tangu mwanzo, safari zote sita. "Ila pale pa mfalme," akasema, "paruke."