Dola Tano za Mama Mariko

Julai 2024 nilikuwa nimeganda kwenye simu nikimtazama Alexandra Ndolo, Mkenya wa kwanza kucheza vitara kwenye Olimpiki. Akatolewa mechi ya kwanza. Nikadhani basi, mambo ya vitara yameniishia hapo. Siku iliyofuata, huko huko Paris, msichana Mweusi wa New York, Lauren Scruggs, akaingia fainali na kuondoka na medali ya fedha. Nikajiuliza: huyu alijifunzia wapi mchezo ambao wengi wetu tumeuona tu kwenye sinema za wafalme? Kutafuta jibu kulinifikisha kwa mzee anayeitwa Peter Westbrook.

Westbrook alizaliwa 1952, akakulia Newark, New Jersey. Babake alikuwa Mmarekani Mweusi, mamake, Mariko, Mjapani. Baba alipoondoka, mama alibaki na watoto na pesa za kuhesabu. Mtaa ulikuwa moto, na mathe hakutaka ummeze mwanawe. Akamwahidi dola 5 akienda tu kujaribu vitara. Kijana akaenda, akala pesa. Ili arudi tena, mama akatoa dola 5 nyingine. Haikuchukua muda, akawa anaenda bila kulipwa.

Vitara vilimpeleka New York University kwa ufadhili. Kati ya 1976 na 1996 aliteuliwa kwenye timu ya Olimpiki ya Marekani mara 6. Moja kati ya hizo ni Moscow 1980, ambako nchi yake iligoma kwenda. Uchungu huo Wakenya tunaujua vizuri: sisi tuligoma 1976, tukagoma tena 1980, na wakimbiaji wetu wakali wakaachwa na miaka yao bora mikononi. Westbrook alibahatika kupata nafasi nyingine. Mwaka wa 1984, Los Angeles, alishinda shaba katika seba, aina ya vitara ambayo makali ya upanga yanahesabu, si ncha pekee. Marekani haikuwa imepata medali ya vitara tangu 1960.

Wengi wangetundika medali ukutani na kuanza kualikwa kwa sherehe. Yeye mwaka wa 1991, hata kabla hajastaafu, alianzisha wakfu wake New York na kuwaita watoto wa mitaa kama aliyotoka. Jumamosi asubuhi walifundishwa jinsi ya kusimama, kusonga mbele na kurudi nyuma. Masomo nayo hayakuachwa. Upanga mkononi haukuwa kisingizio cha kufeli shule.

Ukumbi huo ndio uliowapitisha Keeth na Erinn Smart, kaka na dada waliorudi na fedha kutoka Beijing 2008. Umempitisha Daryl Homer, fedha Rio 2016, na Ibtihaj Muhammad, aliyeshinda shaba Rio akiwa amevaa hijabu. Na huyo Scruggs wangu wa Paris pia.

Westbrook alifariki Novemba 2024, miezi michache baada ya fainali ile. Mimi bado nafikiria zile dola 5. Kwa pesa yetu ni kama shilingi 650. Kuna mtoto Huruma au Kayole anayezihitaji ili afike mlangoni mara ya kwanza. Lakini akifika, lazima akute mtu ndani, na amkute tena Jumamosi ijayo.