Besi katika Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Besi ni jina la jumla la ala mbili za nyuzi zibebazo sauti ya chini kabisa katika kundi la wapigaji. Ya kwanza ni besi ya kusimama, iliyo jamaa ya fidla, yenye kimo cha mtu mzima au zaidi, ipigwayo kwa upinde au kwa kudonoa nyuzi kwa vidole. Ya pili ni gita la besi, ambalo wapenzi wa dansi wamezoea kuliita gita zito, nalo halisikiki vema pasipo umeme na amplifaya. Zote mbili aghalabu zina nyuzi nne zilizolinganishwa kwa namna moja, na uzi mnene kuliko wote hutikisika takriban mara 41 kwa sekunde. Katika pwani ya Cabo Delgado, Msumbiji, ianziayo kinywani mwa Mto Ruvuma, ikapita Palma na Tungi, yaliyokuwa makao ya usultani uliotekwa na Wareno mwaka 1887, kisha Mocímboa da Praia hata visiwa vya Kirimba na Ibo, ala hizi ni wageni. Wala habari zao haziwezi kuelezwa bila ya kuzitazama Unguja, Tanga na Dar es Salaam, kwa kuwa Wamwani na jamaa zao wa pwani hiyo wamefungamana na kaskazini kwa biashara, dini na ndoa tangu karne nyingi.

Besi ya kusimama ilipata umbo lake Ulaya baina ya karne ya 16 na ya 18. Gita la besi ni mdogo wake wa mbali: Paul Tutmarc wa Seattle, Marekani, aliuza lake la umeme katika miaka ya 1930 bila ya kupata wanunuzi wengi, na hapana shaka kwamba aliyelieneza duniani ni Leo Fender wa California, aliyetoa Precision mwaka 1951. Faida yake ilikuwa dhahiri kwa kila aliyewahi kuipakia besi kubwa garini: gita hubebeka begani, sauti yake huongezwa kadiri ipendwavyo, na vipande vya chuma vikatizavyo shingo humwonyesha mpigaji mahali pa kubonyeza, ilhali katika besi ya kusimama sikio ndilo hakimu peke yake.

Unguja ndiko besi ya kusimama ilikopata uraia. Chama cha taarabu cha Ikhwani Safaa kiliasisiwa mwaka 1905 kikiwa na ala chache za Kiarabu, lakini katikati ya karne ya 20, taarabu ilipofuata mtindo wa makundi makubwa ya Kairo, ziliongezwa fidla nyingi, selo na besi. Na Culture Musical Club, iliyoanza mwaka 1958, imeidumisha desturi hiyo. Besi ya taarabu haina makeke. Hudonolewa kwa vidole zaidi kuliko kukwaruzwa kwa upinde, hushikamana na ngoma ya dumbaki katika mizani, na kazi yake ni kumwekea mwimbaji sakafu ya kukanyaga. Waliokosa uwezo wa kuinunua hawakuikosa sauti yake, maana katika kidumbaki, ambayo ni taarabu ya watu wa kawaida, nafasi hiyo hushikwa na sanduku: kasha la mbao nyepesi, kama yale yaliyokuwa yakisafirishiwa majani ya chai, hupinduliwa chini juu, uzi mmoja ukatolewa katikati ya kitako chake na kufungwa kwenye ncha ya fimbo, na mpigaji, akiwa amelikanyaga kasha lisisogee, huivuta fimbo uzi ukaze sauti ipande, au huilegeza ishuke, huku mkono wa pili ukidonoa. Ala hii haina bei sokoni wala fundi maalumu, na bado mpigaji hodari hutoa humo nyimbo nzima.

Tanga, katika miaka ya 1960 na 1970, vyama kama Black Star viliingiza magita ya umeme katika taarabu, na gita la besi likaingia pamoja nayo. Katika dansi ya bara lilikwisha kuzoeleka, na hapa lipo jambo ambalo waandishi wengi wa muziki hulipita haraka mno: besi, kwa sehemu kubwa ya historia yake katika Afrika Mashariki, haikuwa mali ya aliyeipiga. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na vyombo vilikuwa vya chama. Bendi nyingine zilikuwa chini ya mashirika, majeshi, au tajiri mmoja aliyejulikana kwa jina la mwenye vyombo. Mpigaji alipohama aliondoka na vidole vyake tu. Kwa hiyo kuuza na kununua besi kulikuwa shughuli ya kamati, mweka hazina na mchango wa wanachama, na bendi ikivunjika ugomvi wa kwanza ulikuwa juu ya nani achukue vyombo. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hali hiyo, zaidi ya upungufu wa vipaji, ndiyo iliyofanya mabingwa wa besi wawe wachache kuliko mabingwa wa gita la solo, kwani kijana hawezi kufanya mazoezi usiku kwa ala iliyofungiwa ofisini.

Muziki wa asili wa kaskazini ya Cabo Delgado kwa sehemu kubwa ni wa sauti za watu na ngoma. Tufo, inayochezwa na wanawake kwa matari, haina uzi hata mmoja. Lakini vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mahali paitwapo Chai tarehe 25 Septemba 1964, maelfu walivuka Ruvuma, wengine wakaishi katika makazi ya Rutamba huko Lindi, katika nchi ambayo redio yake ilirusha dansi kila siku. Upande wa kusini, kundi la Eyuphuro la Nampula, lililoanza mwaka 1981 na kumtangaza mwimbaji Zena Bacar, lilionyesha kwamba nyimbo za Waislamu wa pwani ya Msumbiji zaweza kukaa juu ya gita la besi bila ya kupoteza asili yake. Mashambulizi yaliyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, na yale ya Palma ya Machi 2021, yamewatawanya watu wa pwani hiyo, na katika hali ya kukimbia amplifaya ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuachwa.

Mnunuzi wa besi wa pande hizo huelekea Pemba, mji mkuu wa jimbo, ambako gita la besi huitwa kwa Kireno viola baixo, au huvuka kwenda Mtwara na hata Kariakoo. Bidhaa ya mkono wa pili ndiyo ya kawaida, nayo yataka kukaguliwa kwa makini. Shingo itazamwe kutoka kichwani kwa jicho moja kama fundi atazamavyo ubao, isiwe imepinda wala kujisokota. Kila uzi ubonyezwe mahali pote, isisikike mikwaruzo. Uzi uliobonyezwa katikati utoe sauti ya uzi mtupu, ila juu kwa oktava moja. Na waya ukichomekwa, utikiswe kidogo, kwani hewa ya chumvi hula mahali hapo kabla ya pengine popote. Besi ya kusimama ina hatari zaidi: gundi yake ya asili huachia kwa unyevu na joto, na nyuzi zote zikilegezwa pamoja nguzo ndogo iliyosimama ndani bila ya gundi huanguka, ikahitaji fundi kuirudisha. Seti mpya ya nyuzi ni ghali, basi wapigaji wengi huzichemsha za zamani katika sufuria ili mafuta ya vidole yatoke, nazo hulia kama mpya kwa siku chache.

Mbao za ala hizi nazo zina sheria zake: mti wa mpingo, ambao Wamakonde wa nyanda za Mueda huuchonga, hutakiwa na mafundi wa ng'ambo kwa zumari na kwa vibao vya shingo za magita. Jamii yake yote, pamoja na misisamu (rosewood) ya India iliyotumika katika magita mengi ya besi, iliwekwa chini ya masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu tarehe 2 Januari 2017, hata ala iliyokamilika ikawa yahitaji hati kuvuka mpaka kibiashara. Tangu tarehe 26 Novemba 2019 ala zilizokamilika zimesamehewa, walakini gogo na mbao bado zahitaji kibali.