Gharama ya Kiyoyozi Huanzia Kwenye Bati: Historia Fupi ya Joto la Nyumba Zetu

Mwezi Oktoba uliopita shemeji yangu, mwalimu mstaafu anayeishi kata ya Shanwe mjini Mpanda, alinitumia karatasi ya makadirio akiomba ushauri. Fundi aliyemtembelea alikuwa amependekeza kiyoyozi kimoja cha nyumba nzima: mashine kubwa nje, na mifereji ya hewa inayopita juu ya silingi na kufungukia kila chumba. Karatasi iliorodhesha mashine, mifereji, nyaya mpya, kifaa cha kutuliza umeme, usafiri wa mzigo kutoka Dar es Salaam, umbali unaozidi kilomita 1,000, na posho na malazi ya mafundi. Jumla ilipita shilingi milioni 30. Fedha hizo ni nyingi kuliko alizotumia kupaua na kuezeka nyumba yenyewe, na zingemaliza sehemu kubwa ya kiinua mgongo kilichobaki.

Shemeji si mtu wa anasa. Anaishi na mama yake, ambaye amepita miaka themanini na ana shinikizo la damu. Katika wiki zile za kungojea mvua, mama alikuwa akihamishia mkeka wake barazani tangu saa tano asubuhi hadi jua linapozama. Nilipompigia simu kumjulia hali alisema, “Nyumba ni nzuri, mwanangu, ila mchana haikaliki.” Mtoto anayesikia maneno hayo kwa mama yake hawezi kulaumiwa kwa kutaka kuuza hata shamba.

Hata hivyo nilimwandikia shemeji kwamba kabla ya kuuliza bei ya kuipoza nyumba, tuulize kwanza ni nini kilichoipasha moto. Mpanda haiko pwani. Mji upo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni watu hulala na blanketi. Hata Oktoba, hewa ya nje baada ya jua kuzama ni ya kuvumilika. Joto linalomtoa mama chumbani ni la nyumba zaidi kuliko la nchi, na nyumba zina historia yake.

Wakonongo, Wapimbwe na Wabende walijenga kwa walichopewa na miombo: miti, udongo na nyasi. Paa la msonge lilikuwa nene, na jua lilichoka kabla halijafika ndani. Jirani zao wa Unyamwezi walijenga pia tembe, zenye paa bapa la miti lililobebeshwa udongo, zilizokuwa tulivu mchana. Sisemi kwamba maisha ndani yake yalikuwa peponi. Kulikuwa na giza, moshi, mchwa na hofu ya moto, na nyasi zilidai kuezekwa upya kila baada ya misimu michache. Lakini joto la mchana halikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa.

Ukoloni ulipokuja ulileta elimu yake kuhusu joto, na elimu hiyo ikagawiwa kwa rangi. Dar es Salaam ni mfano ulio wazi. Waingereza waliendeleza mpango waliourithi kwa Wajerumani wa kuugawa mji kwa kanda kufuatana na aina ya majengo. Sheria haikutaja rangi ya mtu, ilitaja aina ya nyumba; matokeo yalikuwa yale yale. Uzunguni ulikuwa upande wa bahari, na baadaye Oyster Bay, mahali penye upepo, viwanja vipana, veranda na dari za juu. Waafrika walipangiwa Kariakoo na viunga vyake, ambako nyumba zilibanana, na eneo la wazi la Mnazi Mmoja likawekwa katikati kwa kisingizio cha afya. Upepo uligawanywa kama ardhi ilivyogawanywa, na aliyenyimwa upepo hakupewa kitu badala yake.

Mpanda yenyewe ilikua kwa sababu ya madini ya risasi. Kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba huko baada ya Vita Kuu ya Pili, na tawi la reli kutoka Kaliua likajengwa ili kuyasafirisha. Mgodi ulikuja kufungwa, reli ikabaki, na njia iliyopeleka madini nje ikawa njia ya kuingizia vitu vya viwandani, saruji na bati vikiwemo. Bati lilipendwa kwa sababu za haki kabisa: haliungui kama nyasi, halivuji likipigiliwa vizuri, na mvua yake ni maji safi ya pipa. Taratibu likawa pia kipimo cha utu. Mwenye bati alikuwa ameendelea. Mwenye nyasi alikuwa bado.

Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili. Katika tathmini yake ya Azimio la Arusha baada ya miaka kumi, mwaka 1977, alilalamika kwamba wananchi wanangojea saruji na bati huku wakidharau matofali ya kuchoma na vigae, ambavyo wangeweza kuvitengeneza kwa udongo wao. Alikuwa sahihi kuhusu vifaa. Lakini aliielekeza lawama zaidi kwenye fikra za mwananchi, na hapo ndipo ninapotofautiana naye. Nani alikuwa amejenga shule, zahanati na ofisi ya kijiji kwa bati, kisha akaziita majengo ya kisasa? Mwananchi alijifunza kwa kutazama.

Wala ujuzi haukukosekana. Soko Kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kukamilika mwaka 1975, lilifunikwa kwa miavuli ya zege inayokinga maji ya mvua na kuacha hewa ipite. Mtanzania alijua kusanifu jengo linalopumua. Ujuzi huo haukusafiri hadi kwa fundi wa Shanwe, anayepigilia bati jembamba juu ya kenchi, anaziba kila upenyo, anatundika silingi chini yake na kukabidhi funguo.

Sasa turudi kwenye karatasi ya makadirio. Kiyoyozi cha kisasa kilibuniwa na Willis Carrier mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, Marekani, ambako unyevu uliharibu karatasi. Kilianza kwa kuhudumia mali kabla ya kuhudumia watu, na hadi leo kinadai umeme kama kiwanda. Mashine ya nyumba nzima inayovuta kilowati 5 kwa saa sita hula uniti 30 kwa siku. Kwa bei iliyopangwa mwaka 2016, shilingi 292 kwa uniti, ambayo baada ya kodi na tozo hufika takriban 356, hiyo ni shilingi 10,680 kwa siku, au 320,400 kwa mwezi. Hata mashine ikipumzika nusu ya muda, ni 160,000. Mteja mdogo, anayelipa shilingi 100 kabla ya kodi, huruhusiwa uniti 75 kwa mwezi. Mashine hii ingezimaliza kwa siku mbili na nusu.

Yapo mengine ambayo karatasi haikuyataja. Mifereji hupita kati ya bati na silingi, mahali penye joto kuliko pote ndani ya nyumba, hivyo hewa iliyopozwa kwa fedha hupitishwa tanuruni kabla ya kumfikia mama. Tena Mpanda, iliyoishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli nje ya Gridi ya Taifa, inajua vizuri maana ya umeme kukatika.

Ushauri wangu ulikuwa wa kizamani. Shemeji ameweka tabaka la kuzuia joto chini ya bati, ametoboa matundu ya hewa kwenye pembe za paa, ameongeza baraza upande wa magharibi na kupanda miembe miwili. Chumbani kwa mama ameweka kiyoyozi kidogo cha BTU 12,000, ambacho kwa saa nne hula kama uniti 5, yaani shilingi 1,780. Gharama yote haikufika robo ya yale makadirio. Miembe itachukua miaka. Mama hana miaka mingi ya kungoja, na ndiyo maana sikukipinga kiyoyozi kile kidogo.

Ninachokipinga ni kuliacha joto liwe shauri la mfuko wa kila mtu. Mwenye kiinua mgongo anaweza kuhangaika. Mtoto anayesoma saa saba mchana chini ya bati lisilo na silingi, na mzazi anayejifungua katika zahanati ya aina hiyo, hawana pa kupeleka makadirio. Ramani za majengo hayo huidhinishwa na watu waliokaa katika ofisi zenye viyoyozi, kwa bili inayolipwa na umma. Ningependa kikao kimoja tu cha kupitisha ramani kifanyike Oktoba, saa nane mchana, ndani ya darasa lenyewe.